Kabla ya Kulipia Jiko la Gesi na Stima, Soma Kwanza Meseji Zako za Malipo

Ukipita kwa maduka ya vifaa vya nyumbani, iwe ni Luthuli Avenue ama supamaketi ya mtaani kwenu, utayaona majiko ya kusimama yamepangwa karibu na mlango, na kibandiko kimeandikwa "3+1". Maana yake ni sehemu tatu za gesi na pleti moja ya stima juu, na oveni chini. Oveni hiyo mara nyingi ni ya stima. Kuna mengine yenye sehemu nne za gesi na oveni ya stima, na kuna yale ya gesi juu hadi chini. Muuzaji atakuambia yote ni mazuri, wewe chagua rangi tu.

Wengi wetu tunalinganisha bei ya kibandiko na kuamua hapo hapo. Lakini jiko unalilipia mara moja, ama kwa mwaka mmoja ukilipa mdogo mdogo. Gesi na tokeni utazilipia miaka yote ambayo jiko hilo litakaa jikoni kwako. Habari nzuri ni kwamba hesabu hiyo tayari uko nayo kwa simu. Itisha taarifa ya akaunti yako ya miezi sita iliyopita, kisha tafuta vitu viwili: tarehe ulizolipia gesi, na kiasi cha tokeni ulichonunua kila mwezi. Yuniti zenyewe zimeandikwa kwa ile meseji ya tokeni. Zijumlishe mwezi kwa mwezi.

Kwa nini yuniti ni muhimu hivyo? Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wa Kenya Power wamegawanywa kwa makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wa zaidi ya 30 hadi 100, na wanaopita 100. Kundi lako linatokana na wastani wa matumizi yako, na ukipanda kundi, bei ya kila yuniti inapanda pia. Sasa chukua nyumba inayotumia yuniti 25: taa, TV, kuchaji simu, basi. Wananunua 3+1, na kwa sababu pleti ya stima iko hapo, wanaanza kuchemshia maharagwe. Pleti ya wati 1,500 ikifunguliwa mwisho kwa saa mbili inakula yuniti 3. Wakifanya hivyo mara tatu kwa wiki, hizo ni yuniti 9, karibu 36 kwa mwezi. Nyumba ya yuniti 25 imefika 61. Hawalipii tu hizo 36 za maharagwe, hata taa zile zile za zamani sasa wanazilipia kwa bei ya juu.

Hii haimaanishi pleti ya stima ni mbaya. Kazi yake ni kukuokoa gesi ikiisha saa mbili usiku na unga wa chapati umeshakandwa, na mfukoni hakuna pesa ya mtungi. Nyumba ambayo tayari inatumia yuniti 80 inaweza kuitumia zaidi kidogo, na kuendelea kuangalia isipite 100. Upande wa pili, ukikumbuka 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, utajua kwa nini hatumshauri mtu anunue jiko la stima pekee.

Oveni nayo inategemea wewe ni nani. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika ni yuniti 2, na kwa kawaida inajizima na kujiwasha ikishapata joto, kwa hivyo inakula chini ya hapo. Keki ya Jumapili haitakufilisi. Kama unaoka za kuuza, oveni ya stima ndiyo tungechagua, kwa sababu joto lake ni rahisi kulishikilia pale unapolitaka. Ile ya gesi huwa na moto chini, na keki inaweza kuiva chini kabla ya juu. Na kama huoki kabisa, tuambiane ukweli: oveni nyingi hapa Kenya ni kabati la sufuria. Jiko la mezani la gesi litakutosha na pesa zitabaki.

Ukuta wako unaweza kubeba jiko hilo?

Hapa ndipo watu wa keja za kupanga wanakwama, na hakuna muuzaji atakuuliza. Nyuma ya jiko kuna kibandiko kinachoonyesha wati. Soketi ya kawaida ya plagi ya pini tatu ni ya ampea 13. Kwa stima yetu ya volti 240, hizo ni wati 3,120 tu. Oveni ya 2,000 na pleti ya 1,500 zikiwaka pamoja ni 3,500. Tayari umepita. Kitakachofuata ni fyuzi kuungua mara kwa mara, ama plagi kupata moto na kuanza kuyeyuka. Usijaribu kutatua hilo kwa ekstensheni. Ekstensheni ndiyo hatari zaidi.

Jiko kama hilo linahitaji swichi yake kubwa ukutani, yenye waya mnene unaotoka moja kwa moja kwa boksi la stima. Nyumba nyingine zimejengwa nayo, angalia ukuta wa jikoni. Kama haipo, ongea na mwenye nyumba kabla ya kununua, umuulize nani atalipa fundi, na makubaliano yawe kwa maandishi, hata kama ni meseji tu. Bila hivyo, chagua jiko ambalo jumla ya wati zake iko chini ya 3,000.

Ukivutiwa na majiko makubwa ya mitumba, yale ya ex-UK, jua kwamba kule Uingereza nyumba nyingi hutumia gesi ya bomba, ambayo si sawa na hii yetu ya mtungi. Tundu za kutolea gesi ni kubwa zaidi. Ukiliunganisha hivyo hivyo, moto unakuwa mkubwa wa manjano na sufuria zinajaa masizi. Muuzaji akuonyeshe likiwaka na gesi ya mtungi, moto ukiwa wa bluu, kabla ya kutoa hata shilingi.

Pia uliza kama jiko linajifunga gesi lenyewe moto ukizimwa na upepo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni bila kupanda. Na kama unatoka kwa mtungi wa kilo 6 kwenda wa 13, tenga pesa ya regyuleta mpya, kwa sababu ya zamani mara nyingi haitaingia.

Sasa malipo

Ukipewa mpango wa lipa mdogo mdogo, zidisha kabla ya kushukuru. Tuseme jiko ni Ksh 45,000 kwa pesa taslimu. Mpango unasema utoe 9,000 kwanza, kisha 1,100 kila wiki kwa wiki 48. Hiyo ni 52,800 na 9,000, jumla 61,800. Umeongeza 16,800. Labda inafaa, kama jiko litakuletea pesa ya keki. Lakini uamue ukiijua hiyo namba, na uulize kinachotokea ukikosa wiki mbili. Kama pesa ni mkopo wa kwa simu, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ya Kenya.

Lipa kwa namba ya Till ama Paybill ya duka, usitume kwa namba ya mtu binafsi, hata akisema "ya duka imekwama leo". Jina la biashara likitokea kwa simu, lisome lote kabla ya kukubali. Ukinunua mtandaoni kwa muuzaji usiyemjua, lipa jiko likishafika na ukaliona.

Meseji ya malipo inaonyesha pesa imetoka, lakini haionyeshi ulinunua nini. Dai risiti yenye jina la jiko, namba yake ya siri iliyo kwa kibandiko cha nyuma, na muda wa waranti. Uliza pia nani anaruhusiwa kuliunganisha, kwa sababu waranti nyingine hufa ukimwita fundi wa mtaani. Ipige risiti picha siku hiyo hiyo. Karatasi za madukani hufifia, na waranti ya mwaka mmoja inaweza kudumu kuliko wino wake.