Chumba Cheupe kwa Mama Atakayezaa

Wewe mume wa Kadutu, ikiwa mke wako ana mimba ya miezi saba, labda unatafuta zawadi ya kumpa. Kitenge ni kizuri, lakini kitenge kinakaa sandukuni, na mama na mtoto wanakaa chumbani usiku na mchana. Basi chukua taa, utazame kuta za chumba hicho. Ukiona masizi ya mbabula, ukungu pembeni, na madoa ya kunguni juu ya mbao, umekwisha kuiona zawadi yako. Kipake upya, naye asijue mpaka aingie.

Kwanza tuseme habari ya fedha. Fedha ya kuzalia hospitalini isiguswe hata kidogo. Mama anayezuiliwa wodini kwa sababu ya deni hatafurahia ukuta mweupe. Ukisaliwa na franka chache zitatosha, maana hatusemi juu ya rangi ya mafuta, twasema juu ya chokaa.

Mbona chokaa? Ni jiwe lililochomwa motoni, kisha likazimwa kwa maji. Likipakwa ukutani linavuta hewa na kuwa jiwe tena. Halina harufu ya kuumiza kichwa, na unyevu wa ukuta unapata njia ya kutoka. Rangi ya mafuta inaufunga ukuta wa udongo. Maji yaliyo nyuma yanaivimbisha, nayo inabambuka. Tena ukuta mweupe unarudisha mwanga wa dirisha dogo. Mtoto mchanga akianza kuwa na macho na ngozi ya manjano, mama ataona upesi amlete kwetu. Katika chumba cheusi ataona kwa kuchelewa, na manjano kali yaweza kuharibu ubongo wa mtoto.

Lakini mtu asikudanganye kwamba chokaa ni dawa ya kifua kikuu. Ugonjwa ule huenda kwa hewa. Dirisha lililofunguliwa husaidia kuliko ndoo kumi za chokaa. Wala chokaa haiui kunguni wote. Inaziba nyufa wanamolala, ndiyo faida yake. Kitanda ukifungue, vipande uvimwagie maji ya moto, na godoro ulianike juani.

Wanaume wengi hungoja mpaka mama aende kuzaa, ndipo watafute burashi. Shauri hilo ni baya. Shirika la Afya Duniani linasema mama aliyezaa vema akae kituoni saa 24 walau. Basi pengine kesho yake yuko mlangoni, na ukuta bado ni maji. Bukavu iko karibu meta 1,500 juu ya bahari, na mvua yetu yaanza Septemba hata Mei. Vitu havikauki upesi. Afadhali mama aende Kabare au Walungu kuwasalimu wazazi wake siku tano, mimba ikiwa bado haijawa nzito. Mwambie mama mkwe siri hiyo. Yeye atajua namna ya kumkawisha. Hivyo mwenye mimba hapumui vumbi, nawe unapata nafasi ya kufanya kazi vizuri.

Sasa zunguka nyuma ya nyumba. Nyumba zetu nyingi zimekatwa ndani ya mlima, na ukuta wa nyuma unakunywa maji ya mvua. Ukupake mara saba, ukungu utarudi. Chimba mfereji nyuma ya ukuta ule kabla ya kununua kitu chochote. Uuelekeze kwenye njia ya maji, si juu ya paa la jirani aliye chini yako! Magomvi mangapi ya Kadutu yameanza kwa maji ya namna hiyo.

Kama ukuta una rangi ya mafuta ya zamani, usiikwangue ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Jambo hili si jipya: mwaka 1921 mkutano wa kazi wa mataifa kule Geneva ulifanya mapatano ya kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya nyumba, isipokuwa kwa sehemu chache. Hata leo haijulikani kipimo cha risasi kisichodhuru. Lowesha ukuta, futa kwa kitambaa chenye maji, na watoto wawe mbali. Rangi iliyoshikamana vizuri, iache.

Chokaa iliyozimwa uiloweke usiku mmoja, uichuje kwa kitambaa, uifanye nyepesi kama maziwa. Ongeza konzi ya chumvi ili ishike. Ukipewa chokaa mawe isiyozimwa, jihadhari sana, maana itachemka. Tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya chokaa, wala usitumie ndoo ya plastiki. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 20 au zaidi, kisha njoo hospitalini siku ile ile. Usitie mafuta wala maziwa ya mama.

Lowesha ukuta, ndipo upake mara tatu, nyembamba, ukingoja siku moja kila mara. Mara ya kwanza utadhani umepaka maji tu. Usiogope, itakuwa nyeupe ikikauka. Mbao zilizopasuliwa kwa msumeno zinaishika chokaa. Mbao laini zinaitupa, hizo uziache. Nyufa usizibe kwa karatasi. Moto umekula nyumba za mbao mara nyingi hapa Kadutu, na karatasi ni chakula chake cha kwanza.

Chandarua ukifue kwa sabuni ya kawaida, ukianike kivulini, maana jua linaiharibu dawa yake. Ukitundike tena kabla mama hajarudi, na dirisha lifunguliwe. Watoto wakubwa uwapeleke kwa shangazi yao siku hizo tano. Mtoto wa miaka sita hawezi kukutana na mama yake njiani akanyamaza.