Kabla Hujasema "Nipigie Windo"

"Dada, hii nakupigia windo tu, kesho unachukua." Ndivyo fundi alivyoniambia nikiwa mwaka wa pili, laptopu yangu ilipogoma kuwaka huku zimebaki siku nne nikabidhi ripoti ya mazoezi ya kufundisha. Nikamjibu, "Sawa kaka, piga." Shilingi 20,000 zikatoka kwenye bumu lililobaki. Kesho yake mashine iliwaka vizuri kabisa, nyepesi kama mpya, na ndani haina kitu. Maazimio ya kazi, maandalio ya somo, ripoti iliyofika nusu, vyote vimekwenda. Fundi hakunidanganya. Mimi ndiye sikujua nimekubali nini.

Wanachuo wenzangu, jambo lililoniuma zaidi nililijua baadaye: flashi ileile inayotumika kupiga windo ingeweza kwanza kuokoa kazi zangu zote. Tuelezane inavyokuwa.

Windo ni nini hasa?

Laptopu ina mashine yenyewe, na ina mfumo endeshi, yaani Windows, Linux na kadhalika. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kwanza inaamka programu ndogo inayokaa kwenye mazabodi. Inaitwa UEFI, na kwenye mashine za zamani ni BIOS. Inakagua vifaa, kisha inatafuta mfumo endeshi ndani ya diski. Mfumo ukiwa umeharibika, safari inaishia hapo na wewe unasema laptopu imekufa. Mara nyingi haijafa. Faili zako bado zipo kwenye diski, aliyekosekana ni wa kukufungulia mlango.

UEFI inaweza kuambiwa itafute mfumo mahali pengine, mfano kwenye flashi. Siri yote ni hiyo. Ila kama skrini ni nyeusi tii, hata nembo ya kampuni haitokei, au diski haionekani kabisa ndani ya UEFI, hapo tatizo ni kifaa. Huyo mpeleke kwa fundi.

Kuandaa flashi

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, kompyuta nzima ya kuazima, na faili la mfumo linaloishia na herufi ISO. La Linux Mint ni karibu GB 3, la Windows 11 linazidi GB 5. Yote yanapatikana bure kwenye tovuti za wenyewe, kwa hiyo usichukue la kupewa na mtu usiyemjua. Tumia waifai ya maktaba, usimalize bando.

Wengi wanakosea hapa: wanakopi lile faili na kulibandika kwenye flashi. Haitawaka. ISO ni kama picha ya diski nzima, lazima ifunguliwe na kupangwa kwa namna ambayo UEFI inaitambua. Kazi hiyo inafanywa na programu ya bure inayoitwa Rufus. Itakuuliza GPT au MBR: GPT ni ya mashine zenye UEFI, MBR ni ya zile za zamani zenye BIOS. Na kumbuka, Rufus inafuta kila kitu kilichomo kwenye flashi. Toa noti zako kwanza.

Kuwasha kwa flashi

Chomeka flashi, washa, na papo hapo gonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia, gonga mfululizo. Dell na Lenovo nyingi ni F12. HP ni F9, au Esc kisha F9. Chagua jina la flashi yako.

Ukitumia flashi ya Linux Mint, baada ya dakika chache utaona mfumo kamili, una menyu na kila kitu. Hapo bado hujasakinisha chochote! Mfumo unaendeshwa kutoka kwenye flashi na RAM, diski yako haijaguswa. Fungua sehemu ya faili, ingia kwenye diski, tafuta folda ya Users, kopi kazi zako kwenda flashi nyingine. Hatua hii ndiyo ingeniokoa. Ikikudai ufunguo wa BitLocker, maana yake diski imefungwa kwa siri. Ufunguo wake una tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Sasa sakinisha

Ukishahakikisha kazi zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, rudi. Chomeka chaja, usitegemee betri. Bofya ikoni ya "Install Linux Mint". Utafika kwenye swali la hatari kuliko yote: mfumo ukae wapi? Ukichagua "Erase disk", diski nzima inafutwa. Ukichagua "Install alongside", inakaa pembeni ya Windows. Soma mara mbili, angalia ukubwa wa diski usije ukachagua siyo. Nusu saa hivi, umemaliza.

Windows au Linux?

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na laptopu nyingi za mtumba tunazonunua hazina. Linux Mint inakubali hata RAM ya GB 2, japo GB 4 ndiyo raha, na inakuja na LibreOffice ya kuandikia. Ukihifadhi kazi kwa DOCX, mhadhiri ataifungua kwa Word, ila kagua mpangilio wa majedwali kabla ya kutuma. Kama kozi yako inalazimisha programu ya Windows tu, baki Windows. Mashine iliyokuja na Windows 8 au 10 halali huwa na ufunguo wake ndani ya mazabodi, hivyo ukirudisha toleo lilelile inajitambua yenyewe ikipata intaneti. Achana na kraki, nyingi zinakuja na virusi.

Ile ripoti niliiandika upya kwa usiku tatu kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumba, nikategemea kumbukumbu na daftari la maandalio. Nilifaulu, lakini kwa alama ambazo sizitaji. Siku hizi wenzangu hosteli wakiniletea mashine iliyogoma, nawauliza kwanza kazi zao ziko wapi. Ukikwama na wewe, njoo. Njoo na flashi mbili.