Daftari la SACCOS linapohamia kwenye kompyuta

Kijana wa Sakina anayetafuta kazi asidharau daftari la SACCOS. Vyama vya akiba na mikopo vinapoacha makaratasi na kuingia kwenye kompyuta, anahitajika mtu wa kuhamisha kumbukumbu.

Njia yake huanzia ukarani wa hesabu, kisha masomo ya uhasibu na kompyuta, kama yale ya Chuo cha Uhasibu Arusha, kule Njiro. Ndipo huwa mchambuzi: husafisha majina yaliyojirudia, huhamisha, kisha hujumlisha upya. Jumla ya zamani isipolingana na mpya, kazi haijaisha.

Mkulima naye atunze kitabu chake cha akiba, alinganishe salio kabla na baada. Sifuri moja ikidondoka, Sh100,000 za ada ya mtoto zinageuka Sh10,000.