Mota ikigoma, fundi asikimbilie kununua mpya

KWA fundi wa Mlowo, mkoani Songwe, aliyejiundia mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, kipuri kilichonunuliwa kimakosa ni hasara.

Mota za mashine hiyo huzunguka kwa hatua, kwa kawaida 200 kwa mzunguko mmoja. Mota ikitetemeka bila kuzunguka, huenda kibovu ni kiendeshi, yaani saketi inayoigawia umeme.

Kwanza, fundi azime umeme, apime kwa mita koili mbili za mota. Ukinzani wake unapaswa kulingana. Zikiwa sawa, abadilishe nafasi za viendeshi viwili vya aina moja. Hitilafu ikihamia mota ya pili, kiendeshi ndicho kibovu. Ikibaki palepale, achunguze mota, nyaya na amri za kompyuta.

Kuchomoa waya wa mota umeme ukiwaka kunaweza kuunguza hata kiendeshi kizima.