Swali Linalohitaji Mlango Uliofungwa

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2005 ulikuta kwamba jijini Dar es Salaam asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza walikuwa wamepigwa naye au kuingiliwa kwa nguvu. Mkoani Mbeya walikuwa asilimia 56. Kwa idadi hiyo, hakuna zahanati isiyowapokea. Ila mwanamke huyo hafiki akisema nimepigwa. Anasema kichwa hakimwachi, usingizi hauji, mimba imetoka tena. Anaandikiwa vidonge, anarudi kwenye nyumba ileile.

Kwa nini asiulizwe? Mwaka 2006 Harriet MacMillan na wenzake walijaribu njia tatu za kuuliza kuhusu ukatili wa mwenza kwa wagonjwa wa kike huko Ontario, Kanada: wengine waliulizwa ana kwa ana, wengine walijaza karatasi, wengine kompyuta. Idadi ya waliosema ndiyo ilikaribiana, lakini njia iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ile ya kuulizwa ana kwa ana.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 haupendekezi kumuuliza kila mwanamke. Unataka mhudumu aulize anapoona dalili, tena penye faragha, awe amefundishwa na ajue pa kumpeleka mgonjwa. Marekani, jopo la taifa la kinga linapendekeza waulizwe wanawake wote walio katika umri wa kuzaa. Kwa vituo vyetu vingi, ambako pazia ndilo mlango, naona mwongozo wa kwanza una busara zaidi.

Kliniki za wajawazito huwahimiza wanaume waje na wake zao hudhurio la kwanza, wapime VVU pamoja. Ni jambo jema sana. Lakini swali hili likiulizwa mume ameketi pembeni, jibu litakuwa hapana, na huko nyumbani mama anaweza kulipia. Ndivyo ilivyo pia wifi anapokuwa mkalimani, au neno moja linapoandikwa kwenye kadi ambayo mama anaondoka nayo. Kinachosaidia ni utaratibu usiombagua yeyote: kila mjamzito aingie peke yake kwa dakika chache, hata mume asiwe na la kushuku.

Kisha pawe na mahali pa kumpeleka. Huko London na Bristol, Gene Feder na wenzake waliwafundisha wahudumu wa vituo 24 na kuwaunganisha na mshauri wa kuwasaidia wanawake hawa. Vituo vingine 24 viliachwa vilivyo. Matokeo yalitolewa 2011: katika mwaka mmoja, vituo vilivyofundishwa viliwapeleka wanawake 223 kwa washauri, vile vingine, 12.

Mganga mfawidhi unayesoma haya, tenga chumba chenye mlango, na namba za afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia la polisi ziwe mezani kwako kabla muuguzi hajauliza swali la kwanza.