Detekta inasikia nini Masisi?

Kijana wa Masisi au Walikale, mashariki mwa Kongo, anayeuliza bei ya detekta ya metali huwa na mambo mawili kichwani: madini, na mali iliyozikwa na wakoloni. Kwa la kwanza jibu ni fupi. Detekta haisikii koltani. Kasiterite nayo haiisikii, hata ukisimama Bisie, mlima wa Walikale ambao kuanzia mwaka 2002 hivi ulivuta wachimbaji kwa maelfu. Tantali na bati zilizomo katika mawe hayo zimefungamana na oksijeni, na jiwe la namna hiyo halipitishi umeme wa kutosha kuishtua mashine.

Ndani ya ile sahani inayopitishwa juu ya udongo mna koili za waya. Moja hupitishiwa umeme unaobadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, ukazaa uga wa sumaku unaoshuka ardhini. Uga huo ukikuta kitu cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hurudisha juu uga wake dhaifu. Koili ya pili inaunasa, mashine inalia. Mwitikio wa chuma haufanani na wa fedha au shaba, ndiyo maana mashine nzuri hubadilisha mlio. Lakini inachopima ni jinsi kitu kinavyopitisha umeme, ukubwa wake na kina chake. Thamani yake sokoni haiijui.

Dhahabu inapitisha umeme vizuri sana. Ila dhahabu ya mito ya Walikale kwa sehemu kubwa huja kama vumbi na vipande vyembamba, na detekta ya kawaida haisikii punje ndogo hivyo. Hapo karai na maji vinaishinda mashine. Programu za simu zinazodai kutafuta dhahabu ni mbovu zaidi: hutumia kile kipimasumaku kinachoendesha dira ya simu, nacho huguswa na chuma. Pete ya dhahabu unaweza kuipitisha mbele ya simu kutwa nzima na hakuna kitakachosogea.

Tatizo lingine ni ardhi yenyewe. Upande wa Masisi unaopakana na volkano ya Nyamulagira, udongo umetokana na lava na majivu yake na una chembe nyingi za magnetiti. Walikale, udongo mwekundu wa msituni umejaa kutu ya chuma. Udongo wa aina hizi hulia wenyewe. Mtumiaji asipoirekebisha mashine kwa ardhi aliyosimama juu yake, atachimba mashimo matupu mpaka betri iishe. Na akiirekebisha, sarafu ambayo kwingine ingesikika sentimita 20 chini inaweza kumpotea kwenye kina cha nusu ya hapo.

Je, sarafu zenyewe zipo? Zipo, na zinaeleza mambo. Dola Huru ya Kongo ya Leopold II ilitoa sarafu zake za kwanza mwaka 1887: za shaba zenye tundu katikati na nyota, na za fedha zenye sura ya mfalme. Huku Kivu hizo ni adimu, maana wakati ule pesa za Boma, makao makuu ya dola hiyo, zilikuwa bado mbali sana na milima hii. Zinazotarajiwa zaidi ni za Kongo ya Wabelgiji, zile za senti 5 na 10 zenye tundu lile lile, zilizokuja na kodi na mishahara. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ilihamishia Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda, wa kwanza wakiwekwa Gishari, na mashamba makubwa ya wazungu yakapata vibarua. Panapolipwa posho kila mwezi, ndipo pesa huanguka. Njia za zamani za soko, uwanja wa kulipia wafanyakazi, kambi za wachimba bati wa kampuni ya MGL: mtafiti angeanzia hapo, sio chini ya mti mkubwa ambao kila mtu anautaja kwenye hadithi.

Ipo moja ambayo hata asiyesoma ataitambua kwa vidole: faranga 2 ya mwaka 1943, ya shaba ya njano, ina pembe sita na picha ya tembo upande mmoja. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, hivyo ikapigwa Philadelphia, Marekani. Mwaka uliofuata ikatoka faranga 50 ya fedha, nayo ina tembo, iliyopigwa Pretoria. Kuanzia 1952 unakuta mchikichi na majina ya Kongo na Ruanda-Urundi pamoja. Na kuanzia 1967, sengi na makuta za Mobutu. Sarafu za alumini za miaka hiyo huliwa na udongo wenye asidi hadi zinabaki ganda la kijivu. Heller ya Wajerumani kutoka ng'ambo ya mpaka pia haitashangaza, kwa sababu mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalipita Kivu kwenda kuiteka Tabora, na wapagazi walirudi na walichokuwa nacho.

Kwa pesa, nyingi ya hizi zikiwa zimechakaa hazizidi dola chache kwa mkusanyaji wa Ulaya. Detekta yenyewe ni mamia ya dola. Hesabu hiyo kila mtu aifanye mwenyewe.

Kinachonivutia mimi zaidi ni mali ambayo mashine haitaisikia kamwe. Katika karne ya 19, fedha iliyozunguka masoko ya magharibi mwa Ziwa Kivu ilikuwa butega, bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea, kazi iliyowapa sifa Watembo. Zilinunua mbuzi, zikaingia katika mahari, na zimeoza bila kuacha sauti. Jembe la chuma, taka za tanuri za wafua chuma, hizo zitalia. Ukitegemea detekta peke yake kusoma historia ya Masisi, utaandika historia ya Wabelgiji.

Sasa tuje kwenye kinachosikika zaidi ya vyote. Vita vimepita mashambani humu tangu 1993, vikarudi tena na tena, na mwaka 2025 mapigano yalifika hadi Walikale-kati. Maganda ya risasi ya shaba hutoa mlio ule ule wa sarafu. Guruneti, kombora la mota au roketi ambalo halikulipuka hutoa mlio mkubwa na safi, ule hasa unaomfanya mtafuta hazina atabasamu. Mashine hii ilizaliwa katika kazi ya kutafuta risasi na mabomu: mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kuitumia kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, na ile ya ofisa Mpolandi Józef Kosacki ilisafisha mabomu ya kutegwa huko El Alamein mwaka 1942. Mtegua mabomu akisikia mlio, hupiga magoti au hulala chini na kufukua kwa ubavu, polepole, na amefunzwa kazi hiyo. Mkulima hupiga jembe.

Kwa hiyo msimamo wangu: katika Masisi na Walikale za leo, raia asichimbe mlio wowote asioujua asili yake. Ukiona chuma chenye umbo la kombora, usikiguse wala usikitupie jiwe. Rudi kwa nyayo zako, weka alama mbali nacho, waambie chifu na majirani, na taarifa iwafikie wategua mabomu.

Sheria nayo ipo. Tangu 1971 Kongo ina sheria ya kulinda mali za utamaduni, na kuchimbua vitu vya kale bila ruhusa ni kosa. Wengine huona hiyo ni hila ya kuwanyima wananchi, lakini sarafu iliyong'olewa bila kuandikwa ilikuwa wapi na kina gani imepoteza karibu yote iliyoyajua. Mwaka 1992, huko Hoxne, Uingereza, mtu mmoja alikwenda na detekta kumtafutia mkulima nyundo iliyopotea, akakuta hazina ya Warumi. Aliacha kuchimba, akaita wataalamu, na sarafu karibu 15,000 zikatoka kwa mpangilio wake. Nyundo nayo ilipatikana, ikaishia British Museum.

Mwisho, wapo wanaouza vijiti vya antena vinavyodaiwa kuonyesha dhahabu umbali wa kilomita. Mwingereza James McCormick aliuza ADE 651, antena ya namna hiyo, kwa jeshi na polisi wa Iraki kama kifaa cha kugundua mabomu. Mtindo wake ulitoka kwenye kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Mwaka 2013 alifungwa miaka 10. Muuzaji akikujia na chake, zika pete moja kati ya vijishimo kumi asipoona, umwambie aitafute mbele ya watu, kisha urudie jaribio mara kadhaa. Akikataa jaribio hilo, usimlipe.