Je, Wajua? Jioni ya Tamthilia Jijini London

Makundi ya marafiki wanaokwenda kutembea London hupanga siku kwa namna moja: mchana kuzurura, jioni tamthilia. Mpango mzuri, ila wengi huingia ukumbini wakaketi, wakatazama jukwaa na kutoka bila kujua kwamba jengo lenyewe lina kisa kinachoushinda mchezo.

Je, wajua kuna tamthilia ambayo watazamaji huombwa kutunza siri kabla ya kuruhusiwa kwenda zao? Ni *The Mousetrap* ya Agatha Christie, iliyoanza kuonyeshwa London tarehe 25 Novemba 1952. Mwisho wa onyesho, mwigizaji huwaomba watazamaji wasimwambie mtu muuaji ni nani. Christie mwenyewe alikisia ingedumu miezi minane hivi. Mwaka 1974 ilihamishwa kutoka ukumbi wa Ambassadors hadi St Martin's, jirani yake, bila kukosa hata onyesho moja. Kilichokuja kuisimamisha ni UVIKO-19, Machi 2020, na ilirejea Mei 2021. Imekwishaonyeshwa zaidi ya mara 28,000, na pale ukumbini pana ubao unaotaja namba ya onyesho la siku hiyo. Marafiki hupanga foleni kupiga picha nao. Haki za mchezo huo Christie alimpa mjukuu wake kama zawadi ya kutimiza miaka tisa. Kuna watoto hupewa baiskeli.

Taa za umeme nazo zina kisa chake jijini London. Ukumbi wa Savoy, uliofunguliwa 1881, ndio jengo la kwanza la umma duniani kuwashwa taa za umeme mwanzo hadi mwisho. Kabla ya hapo kumbi ziliangazwa kwa gesi, iliyoleta joto na hewa nzito, bila kusahau moto. Lakini watu waliuogopa umeme kuliko gesi waliyoizoea. Basi mwenye ukumbi, Richard D'Oyly Carte, alipanda jukwaani na balbu inayowaka, akaivunja mbele ya hadhira ili waone kwamba haikuwasha moto. Na ukiwa hapo, angalia magari yanayoingia kwenye kichochoro cha mbele ya jengo. Uingereza huendesha kushoto kama Kenya na Tanzania, ila katika kipande hicho kifupi cha Savoy Court magari hupita kulia.

Moto haukuwa mzaha. Ukumbi wa Drury Lane, wenye asili ya mwaka 1663, uliteketea Februari 1809. Mmiliki wake, mwandishi wa tamthilia na mbunge Richard Brinsley Sheridan, inasimuliwa kwamba alikaa kwenye mgahawa wa jirani na glasi ya mvinyo, akitazama mali yake ikiungua. Alipoulizwa vipi anaweza kutulia namna ile, alijibu kwamba hakuna ubaya mtu kunywa kando ya moto wa nyumbani kwake. Jengo linaloonekana leo lilifunguliwa 1812.

Kuhusu mchana, maneno machache yatosha. Kuingia British Museum na National Gallery ni bure. Hulipiwa maonyesho maalumu tu. Pale Leicester Square, tangu 1980, pana kibanda kinachouza tiketi za tamthilia kwa bei iliyopunguzwa, kwa hiyo msikimbilie kukata tiketi kwa walanguzi. Na kutoka Covent Garden hadi Leicester Square msipande treni ya chini ya ardhi. Vituo hivyo vimeachana kwa takriban mita 260. Mkimaliza kushuka kwa lifti, kungoja treni na kupanda tena juu, mwenzenu aliyekwenda kwa miguu ameshafika, amekunywa na kahawa.

Jambo moja la kutilia maanani ni saa. Maonyesho mengi ya jioni huanza saa 1:30 usiku bila kuchelewa, si kama harusi zetu ambazo kadi husema saa kumi na bwana harusi akaingia magharibi. Aliyechelewa huzuiwa mlangoni hadi wahudumu waone pengo, pengine hadi mapumziko, wenzake wakiwa ndani tayari.

Sasa tuvuke Mto Thames, kwenye ukumbi ninaouweka mbele ya yote: Globe. Ule wa kwanza ulijengwa 1599, na William Shakespeare alikuwa mmoja wa wenye hisa. Tarehe 29 Juni 1613, katika mchezo unaomhusu Mfalme Henry VIII, mzinga ulifyatuliwa kwa mbwembwe, cheche zikashika paa la nyasi na ukumbi ukateketea. Barua ya wakati huo yasema mtu mmoja aliwaka suruali, akazimwa kwa chupa ya bia. Ulijengwa upya mwaka uliofuata, kisha mwaka 1642 Bunge likafunga kumbi zote.

Globe ya leo imetokana na ukaidi wa mwigizaji Mmarekani, Sam Wanamaker, aliyehangaika miaka mingi kukusanya fedha na kufariki 1993, kabla haijafunguliwa mwaka 1997. Paa lake ni la nyasi, la kwanza kuruhusiwa London tangu moto mkubwa wa 1666, na safari hii limewekewa mabomba ya kuzimia moto. Katikati hakuna paa wala viti. Watu hadi 700 husimama uani, wengine wameegemea kabisa ukingo wa jukwaa. Hakuna kuzimiwa taa: mwigizaji anakuona usoni, na anaweza kukusemesha wewe hasa.

Na je, wajua kwamba jukwaa hilo limewahi kuzungumza Kiswahili? Mwaka 2012 Globe iliandaa tamasha la tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37. *The Merry Wives of Windsor* iliangukia kwa wasanii wa Afrika Mashariki, na Falstaff, yule mzee mnene mpenda starehe, alichezwa na Mrisho Mpoto wa Tanzania. Tulio na vitabu vya Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri *Julius Caesar* na *Mabepari wa Venisi*, hatukushangaa kwamba Shakespeare anakubali lugha yetu.

Tiketi ya kusimama Globe kwa miaka mingi iliuzwa paundi 5, na bado ni miongoni mwa rahisi kabisa mjini. Kateni hiyo. Vaeni viatu vya kusimamia saa tatu, maana kuketi chini hairuhusiwi, na mwavuli uacheni hotelini: mvua ikinyesha mchezo unaendelea, na kinachokubaliwa uani ni koti la mvua tu.